Chumba na Mvumo Wake

Debe tupu haliachi kuvuma. Wazee walipotunga methali hii walikusudia kumsuta msemaji mwenye maneno mengi na maarifa machache, lakini mfano wenyewe waliutoa katika vitu vya kweli. Debe lililojaa unga likigongwa hutoa mlio mfupi na kunyamaza. Debe tupu hulia na kuendelea kulia, kwa sababu hamna kitu ndani yake cha kuipokea sauti na kuimaliza. Chumba kilichojengwa kwa matofali, kikapigwa lipu, kikasakafiwa kwa saruji na kuachwa bila samani ni debe la namna hiyo. Mtu akipiga kofi moja ndani yake husikia kofi lake likimrudia tena na tena, mpaka lidhoofike na kufa. Asemaye humo husema pamoja na maneno yake mwenyewe ya nyuma. Aimbaye huimba juu ya wimbo wake uliokwisha pita.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde moja, hewa ikiwa na joto la kadiri. Katika chumba chenye urefu wa mita 4 huweza kwenda kutoka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 80 kabla sekunde moja haijatimia. Kila igusapo ukuta mgumu hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Hasara hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama chumba kitafaa kwa muziki au hakitafaa. Kwa karne nyingi waashi na wanamuziki walilijua jambo hili kwa uzoefu: walijua kwamba ukumbi huu ni mwema na ule ni mbaya, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kusema, kabla ya jengo kusimama, sauti itadumu ndani yake kwa muda gani.

Maarifa hayo yalipatikana, na habari ya kupatikana kwake inastahili kujulikana leo kuliko zamani. Siku hizi chumba cha kulala cha kijana huweza kuwa studio ya muziki kwa kutiwa kompyuta moja na kipaza sauti kimoja. Mashine zimekuwa nafuu, lakini kuta ni zile zile. Wengi hutumia fedha zao zote kwa mashine, kisha hushangaa nyimbo zao zikisikika kama zimeimbwa kisimani. Wengine hukitibu chumba kwa dawa isiyo yake, na wako waliolipa kosa hilo kwa roho za watu. Historia ya elimu hii huonyesha kwamba chumba hutengenezwa kwa kusikiliza na kupima, na kwamba aliyeianzisha alifanya kazi yake kwa mito ya kukalia aliyoiazima.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, kilifungua jumba jipya la sanaa lililoitwa Fogg. Jumba hilo lilichorwa na Richard Morris Hunt, msanifu majengo mwenye sifa kubwa katika Marekani ya wakati ule. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa mihadhara uliopendeza macho na kuyatesa masikio. Neno moja likitamkwa kwa sauti ya kawaida lilisikika kwa muda wa sekunde 5 na nusu baada ya msemaji kulimaliza. Katika muda huo mwalimu alikuwa amekwisha kutamka maneno mengine zaidi ya kumi, na yote yalikuwa hai hewani kwa wakati mmoja, yakigombana. Wanafunzi walimwona mwalimu wao akisema na hawakujua asemalo.

Rais wa chuo, Charles William Eliot, aliipeleka kazi ya kuuponya ukumbi kwa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, aliyezaliwa katika jimbo la Ohio mwaka 1868. Sabine alikuwa na umri wa miaka 27, hakuwa na shahada ya udaktari, wala hakuwa mtaalamu wa sauti. Utaalamu huo kwa majumba haukuwapo bado. Wakubwa wa fizikia walikwisha andika mengi juu ya mawimbi ya sauti. Hermann von Helmholtz alitoa kitabu chake maarufu mwaka 1863, na Lord Rayleigh akafuata mwaka 1877. Lakini kutoka katika hesabu zao hadi katika ukumbi wenye viti, madirisha na watu palikuwa na mto usio na daraja.

Sabine aliona kwamba karibu na Fogg palikuwa na ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, uliosifiwa kwa usikivu wake, na kwamba mabenchi yake yalitandikwa mito laini. Akaomba mito hiyo. Usiku, watu walipokwisha kulala na barabara kunyamaza, yeye na wasaidizi wake waliihamisha mito kutoka Sanders hadi Fogg, wakaitandika kwa kiasi kilichopimwa, kisha wakapima. Chombo cha kutoa sauti kilikuwa filimbi moja ya kinanda cha kanisani, yenye kutoa mitetemo 512 kwa sekunde. Sabine aliipuliza filimbi, akaikata ghafula, akasikiliza mpaka sauti ya mwisho ikatoweka, na saa maalumu ikaandika muda uliopita. Chombo cha kupokea sauti kilikuwa sikio lake mwenyewe. Kisha mito mingine iliongezwa na kipimo kikarudiwa. Kabla ya asubuhi mito ilirejeshwa mahali pake ili wenye ukumbi waikute.

Kazi hiyo iliendelea kwa miaka. Ukumbi wa Fogg ulipokuwa mtupu mvumo wake ulidumu sekunde 5 na nusu; ulipotandikwa mito tele ulishuka hadi kidogo zaidi ya sekunde moja. Kati ya ncha hizo mbili Sabine alitafuta sheria. Alipima mazulia, mapazia, mimea, viti vya miti na watu. Akagundua kwamba hata nguo za mpimaji humeza sauti: vipimo alivyovichukua akiwa amevaa mavazi mengine havikupatana na vile vya kwanza, akavitupa, na tangu hapo akawa anavaa nguo zile zile kila apimapo. Uaminifu wa namna hii ni nadra. Mtu mwingine angalisema tofauti ni ndogo na angaliendelea, na sheria ingalimponyoka.

Kizio cha kupimia alikitoa katika kitu ambacho kila nyumba inacho: dirisha lililo wazi. Sauti itokayo dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi humeza sauti yote iifikiayo. Kila kitu kingine kililinganishwa na dirisha hilo. Ukuta wa lipu humeza kama sehemu 3 katika 100. Blanketi nene la nyuzi huweza kumeza 90 na zaidi. Mwaka 1898 mambo yalimfungukia. Aliona kwamba muda wa mvumo ukizidishwa kwa jumla ya umezaji wa chumba, jibu halibadiliki. Umezaji ukizidi mara mbili, mvumo hupungua nusu. Na jibu hilo lisilobadilika hutokana na ujazo wa chumba. Kwa vipimo vya leo sheria ya Sabine husema hivi: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, uzidishe kwa 0.161, kisha ugawanye kwa jumla ya umezaji. Utapata sekunde ambazo sauti huchukua kudhoofika hadi sehemu moja ya milioni ya nguvu zake.

Sheria hiyo ilipata mtihani mara moja. Henry Lee Higginson, tajiri aliyeianzisha bendi kuu ya muziki ya mji wa Boston, alikuwa akijenga ukumbi mpya, naye alitaka uhakika kabla ya kuweka jiwe. Sabine alikubali kuwashauri wasanifu wa McKim, Mead and White. Ukumbi huo, Symphony Hall, ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza duniani yaliyokadiriwa kwa hesabu ya sauti kabla ya kujengwa, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora kabisa. Ukiwa umejaa watu mvumo wake hukaribia sekunde 2: muda mrefu wa kutosha kuziunganisha sauti za ala nyingi, na mfupi wa kutosha kutozichafua. Ukumbi wa Fogg nao ulibandikwa blanketi za manyoya ukutani ukawa wa kutumika, mpaka jumba lilipobomolewa mwaka 1973. Sabine mwenyewe alifariki mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 50, kabla ya kuitumia maabara ya sauti aliyojengewa Riverbank, katika jimbo la Illinois.

Baada yake maarifa yaliingia katika mikono mipya, na kama itokeavyo mara nyingi, wanafunzi walishika nusu ya somo. Redio ilipoanza, watangazaji waliuogopa mvumo kama adui. Kampuni ya utangazaji ya Uingereza, BBC, ilipohamia Savoy Hill, London, mwaka 1923, studio zake zilifunikwa mapazia mazito. Mvumo ulikufa, na muziki nao ukapoteza uhai. Waimbaji walijiona wanaimba ndani ya sanduku la nguo; wapiga fidla walisikia ala zao zikikauka. Hatimaye mapazia yalianza kupunguzwa, na vyumba vikaanza kupangwa kwa kazi zake: kimoja cha mazungumzo, kingine cha muziki. Hapo palifunuliwa mambo mawili. La kwanza, mvumo ni kama chumvi: chakula hakiliki ikizidi, wala hakiliki ikikosekana. La pili, pazia halimezi sauti zote kwa usawa. Humeza sauti nyembamba, kama sauti ya herufi s na mlio wa matoazi, na kuziacha sauti nene, kama za ngoma kubwa, zipite na kurudi zipendavyo. Chumba kilichojazwa mapazia tu huwa kiziwi juu na kelele chini.

Kati ya miaka ya 1940 na 1960 muziki ulianza kurekodiwa katika nyumba za watu, na baadhi ya santuri zilizotoka humo zikashinda zile za majumba makubwa. Mwaka 1951 Les Paul na mkewe Mary Ford walirekodi wimbo wao “How High the Moon” katika makazi yao ya Jackson Heights, mjini New York, wakipanga sauti juu ya sauti, na wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Lakini mfano ufundishao zaidi ni wa Rudy Van Gelder, aliyezaliwa mwaka 1924. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupima macho ya watu na kuwapa miwani. Wazazi wake walipojenga nyumba Hackensack, New Jersey, mwaka 1946, walimruhusu atengewe chumba kidogo cha mitambo kando ya sebule, chenye dirisha la vioo viwili la kutazamia. Sebule yenyewe ikawa studio. Meza na makochi yalisogezwa, na wanamuziki wakubwa wa jazi wakasimama pale ambapo familia ilikuwa ikikaa jioni.

Katika sebule hiyo Sonny Rollins alirekodi “Saxophone Colossus” mwezi Juni 1956, na John Coltrane “Blue Train” mwezi Septemba 1957. Thelonious Monk aliupa wimbo wake mmoja jina la mji ule, “Hackensack.” Ni halali kuuliza kwa nini sebule ya kawaida ilitoa sauti njema namna ile. Sehemu ya jibu ni mkono na sikio la Van Gelder. Sehemu nyingine ni chumba: dari yake ilikuwa juu kuliko za nyumba nyingi, na sebule haikuwa sanduku lililofungwa, bali ilifunguka katika vishubaka na vijia vya nyumba, hata sauti ikapata mahali pa kwenda na kupotelea. Mwaka 1959, alipoiacha kazi ya macho na kujijengea studio Englewood Cliffs, hakuchagua chumba chembamba kilichofunikwa nguo. Alijenga paa refu la mbao lipandalo juu kama la kanisa. Alikuwa amejifunza sebuleni kwa wazazi wake kwamba muziki unahitaji hewa.

Mwaka huo huo wa 1959, mjini Detroit, Berry Gordy alikopa dola 800 katika mfuko wa familia yake akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown. Alinunua nyumba katika barabara ya West Grand Boulevard iliyokuwa studio ya mpiga picha, akaigeuza ya muziki. Walipotaka mvumo wa kuongezea sauti za waimbaji, mafundi wake walitoboa dari na kukifanya chumba kitupu cha chini ya paa kuwa debe lao: sauti ilipelekwa huko, ikavuma, ikarudishwa. Bill Putnam wa Chicago alikuwa amefanya vivyo hivyo mwaka 1947 kwa kutumia bafu. Debe tupu, ambalo kwa Sabine lilikuwa ugonjwa, lilikuwa kwa hawa ala ya muziki. Ila waliliweka mbali na chumba cha kuimbia, na walichota mvumo kwa kadiri waliyoitaka. Aliyerekodi katika chumba chenye mvumo hana njia ya kuutoa baadaye; aliyerekodi katika chumba kitulivu aweza kuuongeza wakati wowote.

Hapa ndipo mjenzi wa studio ya nyumbani anapopaswa kuijua mipaka ya sheria ya Sabine. Sabine alipima kumbi kubwa, ambamo sauti huenea kila upande kwa usawa. Chumba cha nyumba hakifanyi hivyo kwa sauti nene. Mawimbi yake ni marefu kuliko chumba chenyewe, na wimbi ambalo nusu yake inalingana na urefu wa chumba hunaswa kati ya kuta mbili likasimama. Katika chumba cha mita 4, wimbi hilo ni la mitetemo 43 hivi kwa sekunde, na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41. Akaaye karibu na ukuta husikia sauti hiyo imevimba. Akaaye katikati ya chumba huikosa karibu yote. Fundi asikilizaye katikati atadhani besi ni hafifu, ataiongeza, na wimbo utakapochezwa katika nyumba nyingine utatikisa vyombo kabatini. Hakukosea kusikia, chumba kilimdanganya.

Mtaalamu wa Kijerumani Manfred Schroeder alionyesha mwaka 1954, na kurekebisha hesabu yake mwaka 1962, mahali ambapo utawala mmoja humalizika na mwingine kuanza. Katika chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kilichokwisha tulizwa vizuri, mpaka huo huwa karibu na mitetemo 250 kwa sekunde. Juu yake sheria ya Sabine hufaa. Chini yake hutawala mawimbi yaliyosimama. Ndiyo sababu chumba chenye urefu, upana na kimo sawa ni kibaya kuliko vyote, kwa kuwa pande zote tatu huinasa sauti ile ile na kosa moja huwa matatu.

Chumba hicho cha mfano kina ujazo wa mita 30 za ujazo, na kuta, dari na sakafu zake zikijumlishwa huwa mita 59 za mraba. Vyote vikiwa vigumu, vyenye kumeza sehemu 3 katika 100, umezaji wote ni 1.77, na kwa sheria ya Sabine mvumo hudumu kama sekunde 2.7. Hilo ni debe hasa. Mita 10 za mraba zikifunikwa mbao za nyuzi nene zenye kumeza sehemu 90 katika 100, umezaji hupanda hadi 10.5 hivi, na mvumo hushuka chini ya nusu sekunde. Sehemu moja tu katika sita ya chumba imefunikwa, na chumba kimekuwa kingine. Hakuna haja ya kufunika kila mahali, na anayefunika kila mahali hurudia kosa la Savoy Hill.

Iliyobaki ni kujua mahali na unene. Nguo nyembamba iliyobandikwa ukutani hukamata mawimbi mafupi tu, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haiendi wala hairudi. Mwendo wake uko mbali kidogo na ukuta. Kwa hiyo ubao wa nyuzi hufaa uwe na unene wa sentimita 10 au zaidi, na uachiwe nafasi nyuma yake. Sauti nene hukusanyika pembeni, hasa pale kuta mbili zinapokutana na dari au sakafu, na huko ndiko zinakostahili kuwekwa nyuzi nene kuliko zote. Kwa sauti nyembamba, mtu huketi mahali pake pa kusikilizia na mwenzake huupitisha mwanzi wa kioo ukutani; pale anapokiona kipaza sauti ndani ya kioo ndipo sauti inaporukia masikioni mwake, na ndipo pa kufunika. Kiti cha kusikilizia hakiwekwi katikati ya chumba, bali kidogo zaidi ya theluthi ya urefu wake kutoka ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma huweza kupewa rafu yenye vitabu vya kimo mbalimbali, ili uivunjevunje sauti badala ya kuimaliza. Katika miaka ya 1970 Schroeder aliifanya kazi hiyo ya kuvunjavunja kuwa hesabu kamili, kwa kuchonga mifereji ambayo vina vyake vilitolewa katika elimu ya namba.

Makosa ya kawaida nayo yanajulikana. Trei za mayai husifiwa mno na hufanya machache: ni karatasi nyepesi, humeza kiasi cha sauti za kati na nyembamba, na besi huziona kama hazipo. Sponji nyembamba ni kama mapazia ya Savoy Hill. Tena viko vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kutuliza chumba, na kuzuia sauti isitoke kwenda kwa jirani. La kwanza ni kazi ya nyuzi zinazopitisha hewa. La pili ni kazi ya uzito na ya kuziba nyufa. Atakayebandika sponji ili jirani alale atakuwa amepoteza fedha, na jirani hatalala.

Kosa kubwa kuliko yote ni la moto. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa starehe uitwao The Station, mjini West Warwick katika jimbo la Rhode Island, cheche za fataki ziliangukia sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, sponji ya namna hiyo ilishika moto darini, ikatoa moshi wa sumu, na watu 242 wakafa, wengi wao wanafunzi. Katika kumbi zote mbili sponji iliwekwa kwa ajili ya sauti, na hakuna aliyeuliza itafanyaje ikikutana na moto. Chumba cha studio kina nyaya nyingi, mlango mmoja, na mara nyingi dirisha lililozibwa. Swali la moto hutangulia swali la sauti.

Katika Afrika Mashariki chumba cha studio aghalabu ni cha matofali ya saruji, na juu yake bati. Ni ugonjwa wa Fogg katika kipimo kidogo, pamoja na mvua inayopiga bati. Dawa haiko mbali. Nyuzi za makumbi ya nazi na sufi ya msufi ni vitu vyenye matundu ya hewa, na vikifungwa kwa unene wa kutosha humeza sauti vizuri. Lakini sufi ni nyepesi kushika moto kuliko karatasi, na makumbi makavu huwaka kwa furaha. Haifai kuvitundika karibu na nyaya na taa bila kinga. Nyuzi zitengenezwazo kwa mawe yaliyoyeyushwa haziwaki, na fremu ya mbao iliyojazwa nyuzi hizo na kufunikwa kitambaa kinachopitisha hewa ni kazi ya seremala wa mtaani. Mwenye kukosa hata hizo anaweza kuanza na kabati lililojaa nguo, kitanda chenye godoro nene na rafu ya vitabu. Chumba cha kulala mara nyingi hushinda sebule tupu kwa sababu ya vitu hivyo hivyo ambavyo mwenyewe hutamani kuvitoa ili kiwe studio.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Mashine za gharama ni mlango wa studio, nazo huvutia macho ya wageni. Aliyeingia ndani hupiga kofi moja, akanyamaza, akasikiliza. Sabine alifanya hivyo kwa miaka, usiku kwa usiku, akiwa na filimbi, saa na mito ya watu, na kila alfajiri aliirudisha mito kwa wenyewe. Sheria aliyoipata hajaidai mtu yeyote ada ya kuitumia. Imebaki wazi kama dirisha lile alilolifanya kizio, na kijana mwenye futi ya kupimia na penseli aweza kuitumia jioni ya leo, kabla hajanunua kitu chochote.